Hukuwa Umeninunia

Kaka Festo,

Kamwene. Nakuandikia nikiwa Madibira, kwenye kibanda chetu kilekile. Upande wako wa mkeka nimepanga magunia maana sijaweza kuuangalia ukiwa mtupu. Shule niliachia darasa la sita na mwandiko wangu unaujua, lakini wewe ulikuwa unausoma hata nilipoandika kwa mkaa juu ya boksi, basi vumilia.

Mpunga wa ile ploti ya mwisho umebeba mimba. Umestawi kuliko wote, na mimi nikiutazama sisikii raha.

Kuna jambo nataka ulijue, maana uliondoka bila kuambiwa. Zile siku mbili nilidhani umeninunia.

Unakumbuka msumari. Ulikuwa kwenye ule ubao wa mlango wa maji, ukaukanyaga ukaingia kisiginoni. Ukauchomoa mwenyewe, ukatukana kwa Kihehe, kisha ukasema twende zahanati ukachomwe sindano. Mimi nikakwambia, "Msumari tu huo. Zamu yetu ya maji inaisha keshokutwa, nani atapanda?" Nikachota grisi ya pawatila, ile tunayopaka miguuni maji yasitutafune ngozi, nikaishindilia ndani ya tundu kwa kidole. Juu nikafunga kipande cha mfuko wa mbolea. Ukacheka. "Sasa na mimi ni trekta," ukasema. Siku ya nne tundu lilikuwa limefunga juu, na nikajisifu mbele ya vibarua wenzetu kwamba nimekutibu.

Siku ya kumi tukagombana. Ulitaka kurudi nyumbani Idodi kwa kipaimara cha mwanao Neema, mimi nikataka tumalize palizi kwanza. Nikakwambia mwanaume mzima akipigiwa simu na mke anaanza kufunga mzigo. Ukanijibu, "We Lameki, huna mke wala mbuzi, utajua nini." Hilo ndilo neno lako la mwisho nililolisikia likitoka sawasawa.

Asubuhi nikakusalimia, hukujibu. Nikakupa uji, ukaugusa kwa midomo ukauweka chini. Nikasema moyoni, kaninunia huyu. Mchana ugali hukula. Nikakwambia kama hutaki chakula changu sema. Ukanitazama, ukanionesha shavu lako kwa kidole. Nami nikageuka. Nakwambia ukweli, Festo, nilikiona kile kidole na nikageuka.

Kesho yake uso wako ulikuwa umevutika, meno nje, kama mtu anayenicheka. "Cheka tu," nikakwambia, nikachukua jembe nikaenda peke yangu. Niliporudi mchana nikakukuta sakafuni umepinda, kichwa na visigino ndivyo vinagusa chini, tumbo liko juu. Macho yako yalikuwa yananiita.

Hospitali ya Mbeya walikulaza chumba cha peke yako, pazia limefungwa, hakuna kupiga kelele. Mimi nikaangusha kikombe. Mwili wako wote ukaruka na kukaza, kitanda kikalia. Muuguzi mmoja, mama mtu mzima, akanishika mkono akanitoa nje. Hakunigombeza. Akaniambia nikunje mkono wangu, nikakunja. Akabonyeza mbele, juu ya kiwiko. "Huu msuli unavuta," akasema. Akabonyeza nyuma. "Na huu umeachia. Usingeachia, mkono usingekunjika."

Akasema msuli haujui kusukuma. Unajua kuvuta na kuachia, basi. Amri inatoka kwenye ubongo, inashuka uti wa mgongo, inafuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye msuli, na msuli unajifupisha na kuuvuta mfupa. Ukitaka kunyoosha mkono, wa nyuma unavuta, wa mbele unaachia. Sasa kwenye uti wa mgongo kuna kitu kinachozuia zile amri zisizidi, na hicho ndicho sumu ya pepopunda inachokinyamazisha. "Ndugu yako anavutwa kote kwa wakati mmoja," akasema. "Hakuna upande unaoachia. Misuli ya mgongo ina nguvu kuliko ya tumbo, ndiyo maana anapinda vile. Taya ndiyo huwa ya kwanza kubana."

Taya ndiyo huwa ya kwanza. Nikakumbuka uji.

Akaniuliza kama ulikuwa na kidonda, nikamweleza. Akaniuliza tulipaka nini. Nilipomwambia akasema vijidudu vya pepopunda vinapenda mahali pasipo na hewa. Nikatazama kidole changu kilichoshindilia grisi. Wakati wa kunirudisha ndani ndipo akasema, "Akili yake iko sawa. Anasikia kila kitu."

Kwa hiyo ulinisikia kibandani. Ulisikia yote.

Nilikaa pembeni ya kitanda siku sita. Nilitaka kukuomba msamaha nikaogopa sauti yangu itakukaza tena. Nikawa nasema kimoyomoyo tu, kama hiyo inasaidia mtu. Walikupa dawa za kulegeza, ukawa unalegea unakaza. Siku ya saba kikakaza kifua. Sikuwa najua kwamba hata kuvuta pumzi ni kazi ya misuli.

Sasa nikiinama kupalilia najisikia mwili wote. Mapaja yanavuta, mgongo unaachia, nikisimama vinabadilishana. Mara elfu kwa siku, na miaka yote sikuwahi kushukuru. Jioni miguu ikinibana naikanda na nakaa naogopa mpaka iachie. Kaka, nimechoka. Kazi ni ileile, ila zamani tulikuwa wawili.

Ila sikukuandikia kwa ajili ya miguu yangu.

Mama yako, mama yangu mkubwa, alipofika Mbeya alikukuta umetoa meno. Akaniuliza, "Mwanangu anacheka nini?" Muuguzi akamweleza, lakini akamweleza kwa Kiswahili cha haraka, na mama alikuwa analia. Nyumbani, siku ya mazishi, akasema mbele za watu kwamba umefungwa mdomo. Akasema aliyekufunga ni mkeo Tula, maana majirani walimsikia kwenye simu akikwambia usiporudi kwa kipaimara ulifunge na hilo domo lako. Ni hasira za mke, Festo. Wewe mwenyewe ulinisimulia ukicheka. Lakini watu wakageuza shingo wakamtazama. Tula alikuwa amemshika Neema, akainamisha kichwa.

Kisha mama akanigeukia mimi. "Lameki, wewe ulikuwa naye. Sema, kwani ugonjwa gani unamfunga mtu mdomo akiwa anacheka?"

Nilijua. Tangu Mbeya nilikuwa najua, kuanzia ule ubao mpaka kidole changu kwenye kisigino chako. Mdomo wangu ulikuwa mzima, nikaufunga mwenyewe. Nikasema, "Sijui, mama. Mungu ndiye anajua." Niliogopa waseme nimekuua. Nikachukua begi nikarudi huku.

Juzi Tula amenipigia. Hakunilaumu, hajui kama kuna la kunilaumu. Amesema Jumamosi ni arobaini yako, wazee watakaa, na baada ya hapo yeye aondoke, Neema abaki. Vyombo vyake wameshavitoa wameviweka barazani. "Shemeji," akasema, "wewe ulikuwa unanisikia nikiongea na Festo. Mimi ni mchawi?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi." Akakata simu.

Sijalala vizuri tangu hapo. Nimemwambia msimamizi naondoka, amesema nikiondoka sasa nisitegemee kurudi. Sawa.

Ijumaa nitakuwa Idodi. Nitaongea Kihehe, polepole, ili mama asikie kila neno. Nitamkunja mkono wake mwenyewe, kama nitaruhusiwa kumgusa, nimwoneshe unaovuta na unaoachia. Nitasema msumari, nitasema ulitaka zahanati, na nitasema nani alikukatalia. Shavu lako pia nitalisema. Wakinipiga sitakimbia. Mama akinifukuza nitakaa nje ya ua, na ninakuahidi siondoki hapo mpaka nimwone Tula anaingiza sufuria zake ndani na Neema anamsaidia.

Nisamehe, kaka. Sasa naweza kukuomba kwa sauti, na nimekuomba, hapa, peke yangu. Lala, mwili wako umeshaachia.

Mdogo wako,
Lameki