Niliipa Rangi Jina la Mama Mkwe

Mpendwa Mama Kanyiva,

Nimesoma ukurasa wako wa ushauri gazetini miaka mingi nikicheka shida za wengine na leo zamu ni yangu, nakuomba usinicheke sana, nisaidie tu, kwa sababu mke wangu Kathini ana mimba ya miezi minane na alikuwa aende Mutomo kujifungulia kwa mamake, na sasa mamake amemwambia akae huku kwanza, na aliyeleta haya yote ni mimi, tena kwa kutoa shukrani.

Nina kibanda cha kompyuta hapa Malili, natengenezea watu tovuti. Miaka mitatu iliyopita madalali wa mbuzi waliniomba tovuti ambapo mtu anatangaza mbuzi wake na kuchagua rangi yake, na kwa kompyuta kila rangi ni nambari tu ambayo hakuna binadamu anaweza kukumbuka, ndiyo maana kuna watu huko ng'ambo waliokusanya majina ya rangi kwa maelfu wakayaacha wazi, bure, ili kila anayeandika programu ayatumie, na mimi nawashukuru kwa moyo wangu wote, lakini nilipoyafungua nikakuta rangi ya samoni na rangi ya shampeni, na mbuzi wetu wote wakawa wa kahawia tu, hadi dalali mmoja akaniuliza, "Sasa hii samoni ni mbuzi ya wapi?" Nikaamua kuanzisha mkusanyiko wetu wenye majina ya huku, kila jina na nambari yake, nao uwe wazi vivyo hivyo, anayetaka achukue.

Majina ningeyatoa wapi? Mama mkwe wangu ni msusi wa vyondo, hivi vikapu vyetu vya mkonge, anachemsha rangi mwenyewe kwa magome na mizizi, na kila rangi inayotoka kwa sufuria yake ina jina. Lakini wewe ni wa hapa, unajua nthoni, ile heshima yetu ya mtu na mama mkwe wake, hatuketi pamoja, hatutazamani, na jina lake halipiti kwa mdomo wangu. Kwa hivyo nilimtuma Kathini amuulize, nikijua atakataa. Mama Kanyiva, huyo mama amenitumia rangi mia mbili na kumi na nne! Dereva wa lori la mbuzi ananiletea bahasha, ndani kuna vipande vya uzi wa mkonge, kila kimoja kimefungwa karatasi yenye jina: ndengu mbichi, muthokoi wa jana, yaani mahindi yetu ya kukoboa yakishalala kwa sufuria, vumbi la Oktoba, chai ya wageni, na chai ya mwisho wa mwezi ambayo haijaona maziwa. Mimi naweka uzi juu ya karatasi nyeupe, nje, saa nne asubuhi, napiga picha, natafuta nambari, naandika. Nikikosea anajua. Kuna wakati Kathini alimwonyesha kazi yangu kwa simu, mama akasema, "Mwambie huyo mtu wako hiyo si vumbi ya Oktoba, hiyo ni ya Agosti," na kuangalia, kumbe ile picha niliipiga kivulini. Leo watu wa nchi ambazo sitawahi kufika wanapaka tovuti zao muthokoi wa jana na wananiandikia kunisifu, na sifa zote ni zake, na mimi sikuwa na njia ya kumwambia asante.

Ndipo nikafanya nilichofanya. Kulikuwa na uzi mmoja mwekundu wa gome, mzuri kuliko yote, na kwa karatasi yake aliandika kwamba hauna jina. Niliupa jina lake. Lile lake kabisa alilopewa na mamake, ambalo sasa hata hapa siliandiki.

Shemeji yangu Ben, kakake Kathini, pia anatengeneza tovuti, yuko Kitui mjini. Mwezi jana alilikuta kwa orodha, akacheka, akalitumia kwa tovuti ya baa fulani, kwa kitufe cha kuagizia bia, halafu akampigia mamake simu. Mama alikuwa ameketi na wasusi wenzake wa kanisani na simu ilikuwa na sauti ya kusikika na wote. "Mum, mkwe wako amekuandika internet! Saa hii uko kwa batani ya beer!" Wamama walicheka wakashika mbavu. Yeye aliweka kiondo chini akaingia kwa nyumba. Tangu siku hiyo bahasha haijakuja, na Kathini akimpigia anaambiwa, "Kaa huko kwanza."

Ben anasema, "Hiyo ni honour, bro, hizo mambo za nthoni ziliisha." Kathini anakunja na kukunjua nguo za mtoto. Nikilifuta jina, tovuti za watu waliolitumia zitapoteza rangi, na nakala nyingine ziko kwa kompyuta za watu nisiowajua, siwezi kuzifikia. Nikiliacha, mke wangu atajifungua bila mamake na itakuwa ni mimi. Nifanye nini? Mtu anamshukuru vipi mtu ambaye hawezi hata kumtaja?

Tafadhali bana jina langu.

Mkwe, Malili

*

Mkwe wa Malili,

Jina nimelibana, ingawa mwenyewe ulishataja mke, shemeji, Mutomo, vyondo na lori la mbuzi. Umejificha nyuma ya kijiti, lakini haya.

Pole, na hongera kwa mtoto anayekuja. Barua yako nimeisoma mara mbili na mara ya pili nilikuwa natabasamu. Mwanamke anayemtumia mkwe rangi mia mbili na kumi na nne bila kuomba hata kilo ya sukari, huyo anakupenda, na wewe unampenda, na hakuna aliyewahi kulisema. Shida yenu ni hiyo tu.

Sasa nikugombeze kidogo. Miaka mitatu umemtuma Kathini aulize habari ya kila uzi. Umeuliza vumbi la Agosti, umeuliza la Oktoba. Likafika jambo kubwa kuliko yote, ukaamua peke yako! Dunia nzima uliipa ruhusa ya kutumia jina la mtu, na mwenye jina hukumwomba. Kuacha mambo yako wazi ni ukarimu mzuri sana, baba, lakini jina halikuwa lako. Na huyo Ben, heshima gani hiyo ya kutangazwa mbele ya kikundi cha kanisa pamoja na bia? Abadilishe kitufe cha baa leo, halafu ampigie mamake simu kwa sauti ya chini, aombe msamaha wake mwenyewe.

Mimi kompyuta naijua ya kupiga chapa tu, kwa hivyo nilimuuliza Nuhu, fundi wa mitambo hapa ofisini. Anasema rangi inaweza kupewa jina jipya, na lile la zamani likaachwa kwa muda likielekeza watu kwa jipya, kisha ukaliondoa baada ya kuwatangazia. Hakuna tovuti itakayoharibika. Nadhani ulilijua hilo, ila woga ulikushika.

Jumamosi hii nenda Mutomo. Kathini aende pia kama daktari atamruhusu, na mfuko wa nguo za mtoto aubebe. Chukua shuka nzuri, sukari na majani chai. Usimwendee mama. Keti na baba mkwe, na kama hayupo, mzee wa boma anayesimama mahali pake, mweleze kosa lako kwa maneno machache, na usianze kumfundisha kompyuta. Yeye ndiye atapeleka neno ndani. Omba jina la ile rangi litoke kwa mama mwenyewe, na akisema iitwe matope, iandike matope. Aulizwe pia kama anataka kutajwa kwa kazi hii na kwa njia gani: Mama Kathini, au kikundi chao cha wasusi, au asitajwe kabisa. Halafu aambiwe ukweli kwamba kuna nakala ambazo hazitarudi. Usimdanganye kwamba umefuta zote, maana Ben ana simu.

Na usitetemeke sana. Mama aliyefunga mlango angemwambia binti yake asikanyage kwake tena. Huyu amesema akae kwanza. Aliaibika mbele ya wenzake, na anangoja mtu aje.

Mimi mwenyewe nina wakwe wawili. Wa kwanza ameishi na binti yangu miaka kumi na minne, amekula mbaazi zangu kila Krismasi, na hajawahi kuniambia asante hata kwa bahati mbaya. Angekuwepo mmoja wa kunikosea jinsi ulivyomkosea huyo mama, ningekuwa nimemsamehe kabla mbwa hawajamaliza kumbwekea langoni. Lakini lazima niwasikie mbwa wakibweka. Nenda.

Mama Kanyiva