Kitako cha Mbetula cha Marehemu Oiva Baada ya Wiki Mbili za Mvua

KIKUNDI CHA WAWINDAJI WA HIRVI, HONKAVAARA
Nakala ya Urho Karppinen, wodi ya mifupa, Kajaani

Shemeji Urho, salamu nyingi. Mimi sijambo, ila usingizi. Kaisu hajambo, anakuamkia baba yake mdogo. Mama mkwe hajambo, magoti tu, anauliza kama huko wanakupa mkate wa shayiri. Mbwa wako Halli hajambo, analalia viatu vyako. Nyonga je? Kikao kilikuwa hivi. Palipopinda unisamehe, madarasa yangu ni manne.

Tarehe: Jumapili, 18 Oktoba 1987. Mahali: kibanda cha kikundi.
Waliohudhuria: Tauno Heikkinen (Mwenyekiti), Veikko Moilanen, Kaisu Karppinen, Sylvi Karppinen (Katibu), na wanachama wengine watano.
Hakuwapo: Urho Karppinen, kwa ugonjwa.

KUMB. NA. 1/87: KUFUNGUA
Kikao kilifunguliwa saa sita mchana. Bunduki ziliachwa barazani penye baridi, kama desturi. Mwenyekiti aliingia na yake mpya, akaiegemeza karibu na jiko. Katibu alimkumbusha kwamba bunduki ikitoka baridini ikaingia joto hutoka jasho. Mwenyekiti alijibu kwamba yake ina vanishi ya kiwandani na haihitaji yaya.

KUMB. NA. 2/87: BUNDUKI YA MAREHEMU OIVA
Mwenyekiti alikumbusha kwamba mwaka jana hirvi, yule mnyama mkubwa wa pembe pana, alikoswa kituo cha tatu cha kuvizia kwa bunduki hiyo. Alieleza kwamba kitako cha mti wa mbetula alichochonga Urho kwa marehemu kaka yake hunywa maji, kikavimba, kikausukuma mtutu, risasi ikaenda inakotaka. Alipendekeza Kaisu, anayeitumia sasa, asipewe kituo, bali afukuze wanyama pamoja na mbwa.

Kaisu alisema, "Mwenyekiti, aliyekosa si mimi. Ni Veikko, aliazima. Akaikausha juu ya mawe ya sauna."

Veikko alikohoa. Alisema, "Ilikuwa imelowa, nikaihurumia."

KUMB. NA. 3/87: UTUNZAJI
Katibu aliombwa aeleze bunduki hiyo inatunzwaje nyumbani. Alieleza kwamba kila jioni hufutwa kwa kitambaa kikavu, hutundikwa chumba kisicho na moto, ikikauka hupakwa matone ya mafuta ya kitani na kusuguliwa mpaka kiganja kipate moto. Tena mwezi wa nane alifungua skrubu za bamba la nyuma akapaka mafuta ndani, pale mbao ilipokatwa, maana hapo ndipo inapokunywa maji kama ndama. Mwenyekiti alisema hizo ni habari za jikoni. Katibu hakukaa chini.

KUMB. NA. 4/87: KIPIMO
Veikko alipendekeza kipande cha gazeti kipitishwe kati ya mtutu na mbao, kwani mbao iliyovimba hukibana. Bunduki zote zilikuwa zimenyeshewa wiki mbili zile zile za mvua. Kwa bunduki ya Kaisu kipande kilipita chote, laini. Kwa ya Mwenyekiti kilikwama nusu, kikachanika. Mwenyekiti alisema gazeti ni nene. Veikko alitoa karatasi yake ya kusokotea sigara. Nayo ikakwama.

Mpira wa nyuma wa kitako cha Mwenyekiti ulifunguliwa. Chini yake mbao ilikuwa nyeupe, haijaonja mafuta tangu kiwandani, na ina ufa mrefu kama kidole.

Kaisu alipiga shabaha ya mita sabini na tano. Risasi tatu, matundu yote yalifunikwa na kisosi kimoja. Mwenyekiti hakupiga.

KUMB. NA. 5/87: MAAMUZI
Iliamuliwa kwa mikono yote, wa Mwenyekiti ukiwa wa mwisho, kwamba Kaisu asimame kituo cha tatu, kituo cha baba yake. Na kila kitako cha mbao kifunguliwe nyuma na kupakwa mafuta kabla ya msimu, Katibu akisimamia.

KUMB. NA. 6/87: MENGINEYO
Mwenyekiti alieleza kwamba darini kwake pana ubao wa mbetula uliokauka miaka tisa. Aliuliza kama Urho Karppinen atakubali kumchongea kitako. Alisema, "Sylvi, andika kistaarabu." Katibu ameandika kistaarabu.

Kikao kilifungwa saa tisa na robo.

T. Heikkinen, Mwenyekiti
S. Karppinen, Katibu

Shemeji, jibu upesi, hata neno moja. Tauno ameshaushusha ubao, na kila asubuhi anapita kwangu kuuliza kama posta imefika. Anavua kofia mlangoni.