Flashi Iliyofuliwa Pamoja na Suruali

Mama mshauri, shikamoo, na uniwie radhi kwa mwandiko, naandika haraka wanafunzi wakiwa mapumzikoni, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika barua hii na utaona mwenyewe kwa nini.

Mimi ni mwalimu wa watoto wasioona, ninao kumi na mmoja, na vitabu vyetu vya nukta nundu ni vichache na vimepapaswa mpaka nukta zimelala, kwa hiyo miaka miwili iliyopita mke wangu, ambaye ni mshonaji na anashonea hapohapo nyumbani, alijitolea kusoma vitabu vya masomo kwa sauti, mimi nikawa namrekodi kwa simu, leo sura moja, kesho mbili, akitoka kwenye cherehani anakunywa maji, anafunga dirisha kelele za barabarani zisiingie, anasoma, hadi tukafikisha vitabu tisa, na vyote nikavihamishia kwenye flashi moja, kisha nikavifuta kwenye simu kwa kuwa ilikuwa imejaa.

Wiki tatu zilizopita nikasahau flashi kwenye mfuko wa suruali, mke wangu akaifua suruali, akaikuta flashi kwenye beseni la mapovu, akaifuta, akaiacha ikauke siku mbili nzima, akanikabidhi kwa mkono wake akisema, "Baba watoto, samahani, sikupekua mifuko. Ijaribu kwanza." Nikaenda nayo shuleni, nikaichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ya walimu, ikalia ule mlio wake wa kupokea kifaa, taa ya flashi ikawaka, nikangoja, kimya, nikachomoa, nikachomeka, nikazima kompyuta nikaiwasha, hakuna flashi, hakuna faili hata moja, na mtihani ni mwezi ujao.

Nikarudi nyumbani nimevimba, na mbele ya mteja aliyekuja kupimwa gauni nikamwambia mke wangu, "Umenifulia kazi yangu ya miaka miwili! Umewafelisha watoto wa watu!" Aliinamia kitambaa chake, mteja akaanza kutafuta viatu. Tangu siku hiyo anapika, anapakua, ananijibu "ndiyo" na "hapana", na amehamia chumba cha watoto. Wanafunzi nao kila asubuhi, "Mwalimu, leo tunasikiliza sura gani?" Nawaambia spika imeharibika. Juzi fundi mmoja wa mtaani kaniambia nimpe flashi aifomati, itafunguka, na nilikuwa nimeshaitoa mfukoni. Mama, imekufa kweli? Na mke wangu nitamwomba vipi aanze kusoma upya?

Mwalimu niliyekwama

*

Mwalimu, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuhurumia, mara ya pili nilitamani kukufinya.

"Kazi yangu ya miaka miwili"? Yako? Nani alisoma? Wewe ulibonyeza kitufe. Aliyepotelewa na kazi ni mama wa cherehani, na badala ya kupewa pole kafokewa mbele ya mteja. Na flashi iliachwa mfukoni na nani? Simu ilifutwa na nani, bila nakala ya pili? Basi.

Sasa vuta pumzi, maana huenda unalia msiba ambao haupo. Nimeongea na shemeji yangu anayetengeneza kompyuta. Anasema flashi iliyokufa kabisa kwa kawaida haiwashi taa wala kompyuta haiipokei kwa mlio. Yako imesikika, ila haionyeshwi. Kwanza, usithubutu kumpa mtu aifomati. Ni kuomba ifutwe. Kompyuta yoyote ikikuuliza kama unataka kuifomati, jibu ni hapana. Ichomeke kwenye tundu la nyuma ya kompyuta, moja kwa moja, maana tundu la mbele huchoka kwa kuchomekwa kila siku. Ikigoma, ipeleke kwenye kompyuta nyingine. Ikifunguka huko, mgonjwa ni kompyuta ya ofisini. Ikigoma huko pia, fundi afungue orodha ya diski zote atazame kama imo lakini haina herufi. Kompyuta huita kila diski kwa herufi yake, na isiyo na herufi haionekani hata kama ni nzima. Kuipa herufi hakufuti chochote. Isipokuwepo hata kwenye orodha hiyo, acha kuichomeka-chomeka, mtafute mtaalamu wa kurejesha faili.

Lakini hayo yote ni baadaye. Leo, kabla hujajua kama flashi ni nzima, muombe mkeo msamaha. Ukingoja ifunguke ndipo uombe, ataona umefurahia flashi, si kwamba umejutia ulimi wako. Usiseme "samahani, lakini". Usimgusie habari ya kusoma upya. Na kwa kuwa ulimfokea mbele ya mteja, mteja naye asikie. Wanafunzi waambie ukweli, spika haina kosa. Na flashi ikifunguka, weka nakala sehemu tatu kabla hujanywa chai. Kisha niandikie.

*

Mama mshauri, nimekuja kukupa majibu.

Nilingoja mteja yule arudi kujaribu gauni. Nikasimama mlangoni, nikasema, "Mama watoto, nilikufokea hapa mbele ya huyu dada. Kosa lilikuwa langu, na kazi ilikuwa yako. Nisamehe." Mke wangu alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akasema, "Nimesikia. Shika hii tepu." Mteja akacheka. Alipoondoka ndipo mke wangu akaniambia, "Kufokewa hakukuniuma sana. Uliposema ni kazi yako, nilijiona kama sikuwepo." Nikaendelea kushika tepu.

Asubuhi nikawaambia wanafunzi ukweli. Binti mmoja akajibu, "Tulijua, Mwalimu. Hiyo spika tuliisikia darasa la jirani jana."

Nilipotaka kwenda kuijaribu flashi, mke wangu akafunika cherehani. "Twende wote." Ofisini tukaichomeka nyuma, ikagoma. Tukaenda kwa mkutubi, kwenye kompyuta yake nzee ya maktaba. Ikalia, na folda ikafunguka palepale. Vitabu tisa, sura zote. Nikabonyeza faili moja na sauti ya mke wangu ikajaa maktaba, naye mwenyewe amesimama nyuma yangu ameziba mdomo. Nikakaa juu ya boksi la karatasi, likabonyea, tukacheka mpaka mkutubi akatuomba tunyamaze.

Fundi wa shule alikuja akaipima kompyuta ya ofisi. Kumbe mwezi uliopita waliiunganisha na hifadhi ya pamoja ya faili za shule, na hifadhi hiyo wakaipa herufi ileile ambayo flashi yangu huitumia. Zilikuwa zinagombania jina moja. Akabadilisha herufi, dakika mbili, flashi ikatokea. Mke wangu akamuuliza, "Kwa hiyo kufuliwa?" Fundi akasema, "Kufuliwa hakukuifanya kitu, mama. Iko safi tu." Nilitazama dari.

Nakala ziko maktaba, kwa mwalimu mkuu, na nyingine mke wangu anayo kwenye kopo lake la sindano. Chai nilikunywa baada ya hapo.

Kabla hajarudi nyumbani nilimpitisha darasani, ambako hakuwa amewahi kufika. Akasimama mlangoni, akasema, "Hamjambo?" Darasa zima likageuza vichwa. Mmoja akasema, "Sema tena." Akasema tena. Basi vurugu, viti vinasukumwa, mikono inamtafuta, "Ni yeye! Ni yule wa vitabuni!" Mtoto mmoja mpole, ambaye kwa kawaida haongei, akamshika kiwiko akamuuliza, "Mama, kwenye sura ya sita ya sayansi ulikuwa na mafua. Ulipona?"

Mke wangu akaegemea ukuta. "Nilipona, mwanangu," akasema. Kisha akanigeukia mimi. "Kitabu cha kumi kiko wapi?"