Mkono Ambao Waamuzi Hawakuuona

Zuhura, mke mwenzangu,

Huku Lewisham sote wazima. Mume wetu, babu yako, bado anagombana na redio. Baridi ya Kanada isikuonee.

Umeniuliza kama waamuzi wa mashindano ya kuteleza barafuni wana haki, maana wewe na mwenzako hamkuanguka, na walioanguka wamewapita kwa alama. Sikiliza, mjukuu wangu. Nina jioni moja tu ya ujana wangu, hapa hapa London, nilipoteleza na kijana mmoja mpole.

Kura ilitutupa nafasi ya kwanza kuingia. Enzi zile wa kwanza walibaniwa alama, ili waamuzi wabaki na za kuwapa wa nyuma. Tulilijua hilo kabla hatujafunga kamba za viatu, nami nikazikaza kwa hasira.

Tukaingia. Taa zilielea ndani ya barafu kama mwezi kwenye maji ya mtungi, muziki ukatubeba, nikasahau kama kuna watu. Katikati ya mzunguko niliyumba, lakini mkono wake ulishafika kiunoni mwangu kabla mwenyewe sijajua kuwa nayumba. Waamuzi hawakuona kitu. Tulishika mkia. Nililia, nikawaapiza wote kwa Kiswahili, maana hawakukijua.

Walitupunja, mpaka leo nasema. Ila alama zenyewe nimezisahau.

Asubuhi hii nilipokuwa nashuka ngazi, mkono ule ule ulinidaka kabla sijateleza. Mwenyewe karudi kwenye redio yake. Anakusalimu.

Bibi yako