Wazazi Wamekubali

Pap Onditi, 6 Februari 2026

Kwa Baba mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo huko Dunga? Mgongo unaendeleaje? Mimi ni mzima, ila roho haijatulia.

Mwalimu wa somo la injini amehama. Tumebaki wasichana tisa wa Gredi ya Kumi na injini moja isiyo na wa kuifungua. Mwalimu mkuu anataka kulifuta somo, sisi tuhamishiwe Historia, lakini hawezi kama wazazi hawajakubali. Mkutano ni Jumamosi tarehe 14. Baba, bila somo hili uhandisi kwangu umekwisha, na wewe ndiye uliyenifundisha kusafisha kabureta kabla sijajua kusonga ugali. Njoo ukatae.

Barua nampa Mama Apiyo, mpishi wetu wa shule, akija huko kununua dagaa wa omena.

Binti yako,
Nangila

Dunga, 16 Februari

Nangila mama yangu,

Salamu katika jina la Bwana. Sisi wazima, mgongo ni ule ule.

Mkutanoni nilifika, nikakaa, nikasikiliza. Wazazi walikuwa wengi, wengine na suti zao. Tulipewa soda na mkate. Nilikuulizia, nikaambiwa mko darasani. Wewe soma kwa bidii, mengine mwachie Mungu. Nimetuma sabuni na samaki wa kukaanga.

Baba yako,
Waswa

Pap Onditi, 20 Februari

Baba,

Hujambo? Mimi sijambo kwa mwili tu. Samaki walifika.

Somo limefutwa. Mwalimu mkuu ametusomea karatasi: "Wazazi wamekubali." Jina lako ni la ishirini na tatu, na saini yako naijua. Nililia mpaka Perez wa kitanda cha juu akadhani nimefiwa.

Lakini bado kuna nafasi moja. Nilimwambia mwalimu mkuu kwamba ulidhani ni orodha ya waliohudhuria, kwa sababu kila mkutano hupitishwa hiyo. Bodi inakutana Ijumaa tarehe 27. Hata mzazi mmoja wa sisi wasichana tisa akisema hakuelezwa, karatasi inatupwa na mwalimu anatafutwa. Wazazi wengine wanaogopa. Nimeapa mbele ya mwalimu mkuu kwamba hukuisoma. Baba, nakuomba kwa magoti, njoo useme hivyo hivyo.

Binti yako,
Nangila

Dunga, 24 Februari

Nangila mama,

Sijui nikuulize afya yako kwa mdomo gani.

Niliisoma. Juu kabisa iliandikwa, kwa Kiswahili na herufi kubwa, kwamba tunakubali somo lifutwe. Ilipitishwa pamoja na kreti ya soda. Ukisaini, unapewa yako. Nikaishika kwa muda. Mwenyekiti wa bodi akaniambia, "Mzee, wacha kuchelewesha watu, si uweke saini tu hapo." Suti zote zikageuka. Nikatazama kucha zangu zilizojaa oili, nikajiambia, fundi wa mashua atawaeleza nini hawa kuhusu uhandisi? Nikasaini. Na soda nikainywa yote. Kisha nikakuandikia kama mtu asiyejua kitu. Naona aibu, mwanangu.

Ijumaa nitakuja. Sijawahi kusema uongo mbele ya watu walioanza kikao kwa maombi, lakini kwa ajili yako nitajaribu. Niombee.

Baba yako,
Waswa

Pap Onditi, 2 Machi

Baba,

Natumai ulifika nyumbani salama, mvua ilikuwa kubwa.

Nilikuwa nyuma ya dirisha la ofisi, nikasikia yote. Ulianza vizuri. Halafu mwenyekiti akakuuliza, "Mzee, mbele ya Mungu, uliisoma?" ukasema ndiyo. Ukawaomba somo lirudi hata hivyo, ukasema utakuja kutufundisha bure kila Jumamosi. Akakujibu kwamba umeshasaini, mambo yamekwisha. Kisha akasema watu wakweli kama wewe siku hizi ni wachache, wakakupigia makofi.

Sijawahi kutamani baba mwongo isipokuwa siku hiyo. Nakasirika nikikumbuka, na nakuonea huruma, na sijui nianze na lipi. Usitume samaki kwa sasa.

Leo tumeanza Historia. Wenzangu wanane waliniuliza kama yule mzee aliyepigiwa makofi ni baba yangu. Nikasema simjui.

Binti yako,
Nangila