Mama, Kuna Mtu Anakutafuta

Kasese, 3 Machi 2025

Mama mpendwa,

Wasibire, Mama. Goti linaendeleaje? Sisi huku Nyamwamba tuko salama. Mkweo Bright anaenda kazini Hima kila siku, anarudi mweupe kwa vumbi la simenti, lakini ana afya.

Nakuandikia kwenye simu kwa sababu ya Nabasa, yule ninayefanya naye kazi kwenye duka la fotokopi. Juzi alipigiwa simu na mtu aliyejua jina la mumewe, shule ya mtoto wao, hata rangi ya geti lao. Nusura atapeliwe. Kumbe yote hayo ameyaweka mwenyewe Facebook, picha baada ya picha.

Nikasema, ngoja na mimi nijitafute. Nikaandika jina langu kwenye kompyuta. Ikatoka picha ya harusi ya rafiki yangu Immy, na namba yangu kwenye tangazo la kile kitanda tulichouza zamani! Nimelifuta.

Kisha nikatafuta jina lako. Ukurasa wa kwaya yenu una picha yako mbele ya nyumba, na namba yako ya simu kwa wanaotaka kupikiwa karamu. Hilo nitawaomba waliondoe. Lakini kuna jingine lililonitia baridi. Mtu anayejiita Lakot ameandika: “Namtafuta Feresita binti Syahuka wa Kyarumba, mwenye kovu kidevuni.” Ameandika hivyo kila mwaka, Mama, kwa miaka mingi. Ni nani huyo? Namba usiyoijua ikipiga, usipokee.

Binti yako,
Evas

Bwera, 4 Machi 2025

Evas mwana wangu,

Amani kwako na kwa Bright. Goti iko muzuri leo, maana nimecheza nalo hapa jikoni mpaka jirani Hajara akaja kuuliza kama nimepata wazimu.

Lakot! Mutoto, wewe hujui umeniletea nini. Nilipokuwa musichana tulikuwa tunashuka na bibi yako kutoka Kyarumba, maharage kichwani, kuuza kwenye geti ya kambi ya jeshi. Lakot alikuwa binti ya afande Okello, watu wa kaskazini. Mimi nilimufundisha lugha yetu, Lhukonzo, yeye akanifundisha nyimbo za kwao. Alikula kwetu, akalala kwetu. Halafu siku moja tukafika na maharage yetu, nyumba yao iko tupu. Baba amehamishwa. Lori imewabeba asubuhi. Nililia njia yote ya mulima.

Mupe namba yangu sasa hivi.

Mama yako

Kasese, 4 Machi 2025

Mama yangu,

Nimefurahi kwa furaha yako, lakini nisikilize kwanza. Jina la babu liko kwenye tangazo la mazishi yake. Kyarumba iko kwenye ukurasa wa kwaya. Kovu linaonekana pichani. Tapeli anaweza kuyaokota hayo yote bila kutoka kitini kwake. Nipe swali ambalo jibu lake haliko mtandaoni, na mimi usiniambie jibu.

Binti yako mwenye wasiwasi,
Evas

Bwera, 5 Machi 2025

Mwana wangu,

Umeamka salama? Wasiwasi yako ni ya bibi yako kabisa. Haya. Muulize: mbuzi wa afande Okello alikula nini siku ya gwaride? Siku ile hakuna mutu alikuwa na kamera.

Mama

Kasese, 14 Machi 2025

Mama mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa kukuweka roho juu. Nilimtumia Lakot swali lako, akakaa kimya siku nyingi, nikaanza kuamini nimemfukuza mwizi. Leo umekuja ujumbe wa sauti. Mwanzo wake ni kicheko tu, kicheko kirefu, mpaka nami nikacheka bila kujua sababu. Kisha akasema:

“Hotuba! Alikula hotuba ya mgeni rasmi! Tulimfunga mbuzi kwenye kiti cha mgeni ili naye aone gwaride. Na baba yangu akapiga kelele mbele ya kambi nzima: ‘Mbuzi, tema! Hiyo ni amri!’”

Je, ndivyo? Alikuwa mgonjwa, ndiyo maana ya kimya. Sasa amepona, yuko kwake Gulu. Lakini Mama, naye ni afande wa kweli. Akanigeukia: “Na wewe nani? Jieleze! Matapeli wako huku pia. Nitajuaje kama Feresita huyo ni Feresita? Aniambie mama yake alikuwa ananiita nani.”

Nimekwama. Jibu unalo?

Evas wako

Bwera, 14 Machi 2025

Evas,

Ndiyo, hotuba! Na mugeni akabaki na ukurasa wa mwisho, akasema “Asanteni,” akakaa. Watu walipiga makofi sana.

Mwambie Lakot hivi: mama alimuita Biira. Unajua sisi Bakonzo, binti wa kwanza ni Masika, ndiyo mimi, na anayefuata ni Biira. Mama hakuzaa binti mwingine. Akasema mutoto anayekula kwenye chungu changu ni wangu, basi, akamupa jina. Alipokuwa anakufa aliuliza kama Biira amerudi.

Mwambie yote.

Mama yako

Kasese, 15 Machi 2025

Mama,

Nimemwambia. Alilia, kisha akasema, “Niambie basi ya kuja huko inaondokea wapi.” Namba yako nimempa. Yake ikipiga, pokea!

Evas

Kyarumba, 6 Aprili 2025

Evas mwana wangu,

Salamu nyingi kutoka mulimani, kwako na kwa mume wako. Usikasirike nimekaa kimya. Mudomo ulikuwa na kazi.

Biira iko hapa. Amekuwa munene, ana mvi, na Lhukonzo yake imebaki ile ya kitoto, mpaka wazee wanashika mbavu akisema. Jana tumepanda kwa kaburi ya bibi yako. Nikamwambia tuchukue bodaboda mpaka pale inaweza kufika. Akakataa, tukapanda kwa miguu kama zamani. Alisimama kwenye kaburi, akavua kitambaa, akasema kwa sauti, kama anaingia nyumbani: “Mama, nimerudi. Lori ilichelewa.”

Nimeshindwa kuandika zaidi. Amepika, ananiita, na ukikawia mezani kwake anapiga kelele kuliko baba yake. Jumamosi njoo na Bright. Mama yako mudogo anataka kukuona.

Mama yako,
Masika