Maneno ya Mama Yako Mdogo

Mwanangu wa huko mbali,

Video ya harusi ya dada yako imefika, na maandishi uliyoweka chini ya picha nimeyasoma neno kwa neno. Umeandika hata "kreti la soda linaburutwa", kana kwamba nalo lilitoa hotuba! Siku yenyewe, kwa masikio haya yenye kutu, nilicheka tu wenzangu walipocheka.

Kisha, humo kwenye video, nikamwona mama yako mdogo akimwambia jirani: "Siku hizi mume wangu namjibu kwa kichwa. Kurudia kumenichosha. Naogopa tutazoea kunyamaza."

Ungeweza kuliruka hilo. Asante hukuliruka.

Nikamwita akae mbele yangu, penye mwanga. "Haya bibie, nisimulie." Alizungumza mpaka chai ikapoa. Nusu sikuipata, nikamwambia. Akacheka, akarudia.

Baba yako mdogo,
mkaidi aliyekubali kupimwa masikio